Faili Mia, Jedwali Moja: Namna ya Kukusanya Takwimu Bila Kupoteza Mstari

Mtaa wa Jabe, kati ya Bwiza na Buyenzi, haujasogea hata hatua moja. Lakini ndani ya kompyuta za wanaotunza kumbukumbu za wakazi wake, umebadilisha anwani mara mbili. Faili za mwaka 2010 zinaiandika Jabe chini ya komini ya Bwiza, katika Bujumbura Mairie. Kufikia uchaguzi wa 2015, komini 13 za mji zilikuwa zimeunganishwa zikabaki 3, yaani Muha, Mukaza na Ntahangwa; Bwiza ikawa zoni, na Jabe ikahesabiwa Mukaza. Kisha ikaja sheria ya 2023 iliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42, mgawanyo ulioanza kutumika mwaka 2025. Bujumbura Mairie ikatoka kwenye orodha ya mikoa. Leo Jabe imo ndani ya mkoa wa Bujumbura, ambao umechukua pia Bujumbura Rural, Bubanza na Cibitoke.

Kwa mwenye nyumba, hayo ni mabadiliko ya karatasi tu. Kwa karani wa kituo cha afya, mhasibu wa chama cha akiba au mwalimu mkuu mwenye orodha za wanafunzi, ni kazi nzito. Ana faili kumi, mia, pengine elfu, zilizoandikwa na watu tofauti katika miaka tofauti, na sasa zote zinatakiwa zikae ndani ya jedwali moja ili akiuliza swali moja apate jibu moja. Makala haya yanaeleza kazi hiyo inavyofanywa kwa kompyuta ya kawaida, programu ya bure na subira kiasi.

Niseme mapema ninachokiamini. Kuingiza faili katika hifadhidata ni amri ya mstari mmoja, na yeyote anaweza kufundishwa kwa dakika chache. Ugumu wenyewe ni kuweza kuthibitisha, miezi sita baadaye, kwamba kila mstari uliokuwa kwenye faili umefika, umefika mara moja tu, na unaweza kuonyeshwa ulitoka wapi. Anayelizingatia hilo tangu faili ya kwanza anajiepushia taabu kubwa. Anayeliacha hadi mwisho, aghalabu hulazimika kuanza upya.

Mistari iliyopotea England

Mwaka 2020, wakati wa korona, taasisi ya Public Health England ilikuwa inapokea majibu ya vipimo kutoka maabara kwa faili za CSV, yaani faili za maandishi matupu ambazo safu zake hutenganishwa kwa alama ya mkato. Faili hizo zilikusanywa kupitia Excel kabla ya kupelekwa kwenye mfumo mkuu. Aina ya Excel iliyotumika ilikuwa ile ya zamani, XLS, ambayo karatasi yake moja haibebi zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi hapo ilibaki nje, na kompyuta haikupiga kelele yoyote. Watu 15,841 waliokutwa na ugonjwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuonekana kwenye hesabu za siku zao. Waliokuwa wamekutana nao wakachelewa kutafutwa na kuonywa.

Hapakuwa na wizi wala uvamizi wa mtandao pale. Faili zilikuwa salama na maabara zilikuwa zimefanya kazi yake. Kilichokosekana ni mtu au programu ya kuuliza: imetumwa mistari mingapi, imeingia mingapi? Swali hilo halihitaji mashine kubwa, na linafanya kazi Jabe sawasawa na London.

Excel ya siku hizi inabeba mistari 1,048,576 kwa karatasi moja. Ni mingi, lakini nayo ina mwisho.

Mstari mmoja chini ya macho

Tuchukue mfano wa kubuni. Chama cha akiba na mikopo kina vikundi Jabe, Buyenzi na Nyakabiga. Kila mwisho wa mwezi, katibu wa kikundi anatuma faili moja ya michango kwa WhatsApp. Ukiifungua kwa programu ya maandishi tu, kama Notepad, mwanzo wake unasomeka hivi:

tarehe;kikundi;namba;jina;kiasi
03/04/2025;Jabe II;0147;RADJABU Zaïna;15.000

Mstari huo mfupi umebeba mitego mitano, na yote ni ya kila siku katika nchi inayotumia kompyuta zilizopangwa Kifaransa.

Wa kwanza ni nukta-mkato. Kompyuta iliyopangwa Kifaransa hutumia mkato kwenye desimali, kwa hiyo Excel yake hutenganisha safu kwa nukta-mkato. Kompyuta iliyopangwa Kiingereza hutumia mkato. Ukipokea faili kutoka kwa makatibu wawili wenye kompyuta mbili, unaweza kuwa na aina zote mbili ndani ya folda moja.

Wa pili ni tarehe. Kwa Mrundi, 03/04/2025 ni tarehe tatu Aprili. Kwa kompyuta yenye mpangilio wa Marekani ni tarehe nne Machi. Siku zinazozidi 12 hujifichua zenyewe, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Zilizo chini ya hapo huingia kimyakimya katika mwezi usio wao, na hapo ndipo hesabu ya Machi inapopanda huku ya Aprili ikishuka bila sababu.

Wa tatu ni sifuri ya mbele. Namba ya mwanachama ni 0147. Faili ikifunguliwa kwa Excel kwa kubofywa tu, kisha ikahifadhiwa tena, inabaki 147. Namba ndefu zinaumia zaidi: Excel hushika tarakimu 15 tu, na zinazofuata huzigeuza sifuri. Alama ya kujumlisha kwenye namba ya simu iliyoandikwa +257 nayo huondoka.

Wa nne ni herufi yenye vitone, ï. Kompyuta huandika herufi za namna hiyo kwa misimbo tofauti, na ulio salama leo unaitwa UTF-8. Faili ya UTF-8 ikisomwa kwa msimbo wa zamani wa Windows, Zaïna anakuwa ZaÃ¯na. Makatibu wanaotumia Excel waelekeze wachague aina inayoitwa CSV UTF-8 wanapohifadhi.

Wa tano ndio unaogusa pesa. Hapa Burundi, 15.000 ni faranga elfu kumi na tano. Hifadhidata inajua nukta ya desimali tu, kwa hiyo kwake hiyo ni kumi na tano. Jedwali zima linaweza kupunguzwa mara elfu moja bila onyo. Mwenzake wa karibu ni nafasi tupu: wengine huandika 15 000, na nafasi hiyo mara nyingi si ya kawaida bali ni ile isiyokatika, ambayo kwa jicho haina tofauti na nyingine lakini kwa kompyuta ni herufi tofauti kabisa.

Mtego mmoja zaidi hauonekani ukitazama mstari mmoja, unaonekana ukilinganisha faili. Katibu mmoja ameweka jina kabla ya namba. Amri za kuingiza kwa kawaida hazisomi vichwa vya safu, zinafuata mpangilio. Safu ya kwanza huingia ya kwanza, ya pili ya pili, na majina yakikaa mahali pa namba, programu haijali. Kwa hiyo kabla ya kuingiza chochote, tazama vichwa vya faili zote kwa pamoja. Kwenye Linux inatosha:

head -q -n 1 *.csv | sort | uniq -c

Amri hiyo huchukua mstari wa kwanza wa kila faili, huviweka pamoja vichwa vinavyofanana na kuvihesabu. Ukipata aina moja tu, endelea. Ukipata aina tatu, tenga faili katika folda tatu na kila folda uipe njia yake.

Chombo cha kutumia

Kwa kazi ya ukubwa huu napendekeza SQLite. Ni ya bure, haihitaji seva wala intaneti, na hifadhidata nzima ni faili moja unayoweza kuibeba kwenye flashi. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000, na leo imo ndani ya karibu kila simu ya mkononi. Sababu yangu kubwa zaidi ni umeme. Mjini Bujumbura umeme hukatika kazi ikiwa katikati, na kompyuta ya mezani isiyo na betri huzimika papo hapo. SQLite imejengwa kwa kanuni kwamba kundi la mabadiliko ama linaingia lote ama haliingii kabisa. Umeme ukirudi, unakuta hifadhidata ilivyokuwa kabla hujaanza faili ile, na unaanza faili ile upya. Ukibandika kwa mkono kutoka karatasi moja ya Excel hadi nyingine, huna ulinzi huo: utakuta nusu imo, nusu haimo, na hujui mpaka uko wapi.

Kanuni ya kuingiza ninayoisisitiza ni hii: jedwali la kwanza lipokee kila kitu kama maandishi. Tarehe iwe maandishi, kiasi kiwe maandishi, namba iwe maandishi. Watu wengi hutaka kusafisha faili kwanza, moja moja, ndipo waziingize. Hilo ni kosa la gharama kubwa, kwa sababu ukishairekebisha faili ya asili huna tena ushahidi wa alichotuma katibu. Ingiza ghafi, safisha ndani.

Fungua hifadhidata na uunde majedwali mawili, moja la kupokelea na moja la kutunza:

sqlite3 michango.db

create table pokea (tarehe text, kikundi text, namba text, jina text, kiasi text);

create table ghafi (faili text, mstari integer, tarehe text, kikundi text, namba text, jina text, kiasi text);

Tazama safu mbili za mwanzo za jedwali la ghafi: faili na mstari. Hazimo kwenye faili ya katibu. Tunaziongeza sisi, na ndizo zitakazotuokoa. Sasa faili moja inaingia hivi:

.mode csv
.separator ";"
begin;
.import --skip 1 jabe2-2025-04.csv pokea
insert into ghafi select 'jabe2-2025-04.csv', rowid, tarehe, kikundi, namba, jina, kiasi from pokea;
delete from pokea;
commit;

Amri mbili za mwanzo zinasema faili ni ya CSV na kitenganishi ni nukta-mkato. Sehemu ya --skip 1 inaruka kichwa, ili neno «tarehe» lisiingie kama mchango wa mwanachama. Inahitaji toleo la SQLite la mwaka 2020 au la baadaye. Rowid ni namba ambayo SQLite huupa kila mstari yenyewe, na kwa kuwa pokea humwagwa kila mara, namba hiyo huanza tena kwenye 1 na inalingana na nafasi ya mstari ndani ya faili, kichwa kisipohesabiwa. Kati ya begin na commit ndipo ulipo ulinzi wa umeme niliousema.

Faili zikiwa kumi na tano, fanya kwa mkono. Zikiwa mia tatu, andika programu fupi ya Python inayopita kwenye folda na kurudia hatua hizohizo kwa kila jina la faili. Python huja na uwezo wa kusoma CSV na kuzungumza na SQLite bila kuongezewa kitu, na kijana yeyote aliyesoma kompyuta mjini anaweza kukuandikia. Mwombe jambo moja la lazima: faili ikigoma, programu isimame na kutaja jina lake. Programu inayoruka faili mbovu na kuendelea inakupeleka kulekule walikofika wa Public Health England.

Daftari la faili

WhatsApp ina tabia ya kuongeza (1) au (2) kwenye jina la faili iliyotumwa tena. Ukizikusanya zote kwenye folda moja, mchango wa Aprili wa kikundi kizima unaingia mara mbili, na chama kinajiona tajiri. Jina la faili haliwezi kukulinda. Kinachokulinda ni alama ya yaliyomo, ambayo kompyuta huikokotoa kwa amri ya sha256sum kwenye Linux au certutil -hashfile kwenye Windows, ukitaja SHA256. Faili mbili zenye yaliyomo sawa hutoa alama ileile, hata zikiitwa majina tofauti. Weka jedwali dogo:

create table daftari (faili text, alama text unique, mistari integer, siku_ya_kupokea text);

Neno unique linaikataza hifadhidata kupokea alama moja mara mbili. Andika kwenye daftari kabla ya kuingiza faili, ndani ya kundi lilelile la begin na commit. Marudio yakitokea, amri hiyo inakataliwa na unaandika rollback kufuta kundi zima.

Hali nyingine hutokea mara nyingi kuliko marudio: katibu amegundua kosa lake na ametuma faili iliyorekebishwa. Alama yake ni tofauti, kwa hiyo itapokelewa. Hapa ndipo safu ya faili inapolipa. Unafuta mistari yote ya faili ya zamani kwa amri moja, delete from ghafi where faili = 'jabe2-2025-04.csv', kisha unaingiza mpya. Pasipo safu hiyo ungelazimika kuwatafuta wanachama mmoja mmoja na kubahatisha mstari upi ni wa zamani.

Ndiyo maana majina ya faili yapangwe tangu mwanzo: kikundi, mwaka, mwezi. Faili zinazoitwa «michango mpya ya mwisho kabisa» zimeumiza vyama vingi.

Hesabu kabla na baada

Baada ya kuingiza, linganisha. Amri ya wc -l *.csv huhesabu mistari ya kila faili. Toa mmoja wa kichwa. Ndani ya hifadhidata uliza:

select faili, count(*) from ghafi group by faili;

Namba mbili zikitofautiana kwa mmoja, mara nyingi mstari wa mwisho wa faili haukumaliziwa kwa alama ya kushuka chini, na wc haikuuhesabu. Zikitofautiana kwa wengi, tafuta alama za kunukuu. Alama moja ya kunukuu iliyofunguliwa bila kufungwa, pengine katika maelezo ya katibu, inaweza kumeza mistari mingi na kuifanya kisanduku kimoja kirefu.

Ulinganisho wa pili ni wa pesa, nao uwe na kitu kilicho nje ya kompyuta. Kila kikundi kina daftari lake la karatasi, na vingine vina taarifa za Lumicash, huduma ya pesa kwa simu. Jumla ya mwezi kwenye jedwali ilingane na jumla iliyosainiwa kwenye karatasi. Mistari inaweza kuwa sawa huku kiasi kimepotoka, kama tulivyoona kwa 15.000.

Wa tatu ni wa mashimo. Orodhesha vikundi na miezi. Pasipo namba pana faili isiyowahi kufika. Faili iliyokosekana haitoi kosa lolote kwenye kompyuta, ila pengo kwenye orodha.

Kusafisha bila kugusa

Sasa tunaweza kusafisha. Badala ya kubadilisha jedwali la ghafi, tunaunda mwonekano, yaani swali lililohifadhiwa linalosomeka kama jedwali:

create view safi as select faili, mstari, substr(tarehe,7,4)||'-'||substr(tarehe,4,2)||'-'||substr(tarehe,1,2) as siku, trim(kikundi) as kikundi, trim(namba) as namba, jina, cast(replace(replace(replace(kiasi,'.',''),' ',''),char(160),'') as integer) as kiasi from ghafi;

Tarehe inageuzwa iwe mwaka, mwezi, siku: 2025-04-03. Mpangilio huo haubishaniwi na nchi yoyote, na ukipanga kwa alfabeti unajipanga pia kwa wakati. Kiasi kinaondolewa nukta, nafasi ya kawaida na nafasi isiyokatika, ambayo ni herufi namba 160, ndipo kinageuzwa namba.

Kisha watafute walioshindwa kupita:

select * from safi where date(siku, '+0 days') is not siku or kiasi = 0;

Hapo utaona tarehe 31 Juni, utaona aliyeandika «elfu kumi» kwa maneno, utaona kisanduku kitupu. Kila mmoja ana jina la faili na namba ya mstari. Unampigia simu katibu wa Jabe II na kumwambia, «Mama, kwenye faili yako ya Aprili, mstari wa 23, tafadhali angalia daftari.» Anaangalia, anakujibu, kazi inaisha. Mazungumzo hayo yasingewezekana kama ungekuwa umesafisha faili kwa mkono kabla ya kuingiza.

Jina si ufunguo

Katika mitaa hii, mtu yuleyule ni Ramadhani kwenye kitambulisho, Ramazani kwenye orodha ya chama, na Ramadhan kwenye simu yake. Radjabu na Rajabu ni vilevile. Na kinyume chake: majina kama Ndayishimiye au Nijimbere ni ya watu wengi mno, na kwa kuwa Warundi wengi hawana jina la ukoo, kaka na dada wa tumbo moja wanaweza wasifanane jina hata kidogo. Kuunganisha watu kwa majina kunawaunganisha wasiohusiana na kuwatenga walio mtu mmoja. Ufunguo uwe namba ya mwanachama, iliyotunzwa kama maandishi pamoja na sifuri zake. Ambaye hana namba, apewe leo.

Mahali nako kuna mitego yake

Narudi kwenye ramani, maana hapa ndipo nimeona kazi nzuri zikiharibika. Ukiwa na faili za miaka kumi na tano, kishawishi ni kutafuta «Bujumbura Mairie» na kubandika «Bujumbura» kila mahali. Usifanye hivyo. Bujumbura peke yake imekuwa jina la mji, la Mairie, la mkoa wa mashambani uliouzunguka, na sasa la mkoa mpya unaofika hadi Cibitoke. Cibitoke yenyewe ilikuwa mkoa kaskazini-magharibi, na papo hapo ni mtaa mkubwa wa mjini ulioingizwa Ntahangwa. Kanyosha ilikuwa mjini, na Kanyosha nyingine ilikuwa komini ya Bujumbura Rural. Faili ya kabla ya 2015 inaiweka Rumonge ndani ya Bururi; ya baadaye inaifanya mkoa; na tangu 2025 zote mbili zimo ndani ya Burunga. Ukiunganisha kwa jina, watoto waliochanjwa Kanyosha ya mlimani watahesabiwa mjini, na bajeti ya mwaka ujao itafuata hesabu hiyo.

Dawa ni jedwali la pili, la mahali. Kila mtaa au kilima kipate msimbo wake usiobadilika, na mbele yake mistari kadiri ya vipindi: Jabe, komini ya Bwiza, Bujumbura Mairie, kuanzia lini hadi lini; Jabe, komini ya Mukaza, Bujumbura Mairie, kuanzia lini hadi lini; Jabe, komini ya Mukaza, mkoa wa Bujumbura, kuanzia 2025. Mistari ya ghafi inabaki ilivyoandikwa na wakati wake. Ukitaka ripoti kwa mikoa 5, unaunganisha na kipindi cha sasa. Mtafiti akitaka kulinganisha na sensa ya 2008, anaunganisha na kipindi cha wakati ule. Takwimu ni zilezile, ramani ni tofauti.

Mfumo wa DHIS2, uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Burundi, Rwanda, Tanzania, Kenya na Uganda, unafuata njia ya namna hii. Kila kituo cha afya ndani yake kina kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, na data za CSV zinaweza kuingizwa kwa kitambulisho au msimbo badala ya jina. Kituo kinaweza kuhamishwa komini au kubadilishwa jina, historia yake ikabaki nacho. Na tatizo si la Burundi pekee: Kongo ilitoka mikoa 11 hadi 26 mwaka 2015, Kenya ilianza kaunti zake 47 mwaka 2013, na Songwe ilitolewa Mbeya mwaka 2016. Chama chenye wanachama Jabe na Uvira, upande wa Kongo, kinahitaji jedwali la mahali lenye pande zote mbili za mpaka.

Kazi ikikua

SQLite inatosha pale mtu mmoja anapoandika na wengine wanasoma. Makarani watano wakianza kuandika kwa wakati mmoja kutoka ofisi tofauti, hamia PostgreSQL au MySQL, zote za bure. Amri ya PostgreSQL ni COPY, na ukiwa kwenye kompyuta yako badala ya seva, andika \copy, kwa sababu COPY ya kawaida huitafuta faili kwenye diski ya seva. Kwa mpangilio wake wa kawaida, ikikuta mstari mbovu inasimama na haiachi chochote cha faili ile, jambo ninaloliona ni jema. MySQL ina LOAD DATA INFILE. Ukitumia namna yake ya LOCAL, thamani mbovu nyingi hurekebishwa au kurukwa kwa onyo tu, basi andika SHOW WARNINGS kila baada ya faili na uyasome maonyo yote.

Ambaye hataki hifadhidata kabisa, Excel ya 2016 na kuendelea ina uwezo wa kusoma folda nzima na kuunganisha faili zake, na huweka jina la faili kama safu. Ni njia halali kwa kazi ndogo. Akumbuke tu kuagiza safu ya namba na ya kiasi zisomwe kama maandishi.

Faili za asili zifungiwe zisibadilishwe, na nakala yake ikae jengo jingine. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua Januari 2013, wengi walipoteza kila kilichokuwa ndani ya vibanda vyao, na nakala iliyo kwenye droo ileile yenye kompyuta itakwenda na kompyuta. Nakala hiyo pia ina majina, namba za simu na michango ya watu. Iwekewe neno la siri, na flashi isiachwe kwenye kibanda cha kuchapa. Kabla ya kufuta chochote kwenye simu ya katibu, jaribu kwanza kuifungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine na kuuliza swali lilelile la hesabu ya mistari kwa kila faili. Ikijibu namba zilezile zilizo kwenye daftari, mwambie katibu anaweza kufuta.